URBACT na ajira za vijana: nyota tatu na nusu, na sababu zangu

Kama uko Ulaya na unafanya kazi halmashauri au kwenye asasi ndogo ya vijana, kuna siku utapata imeili inasema mji wetu umeingia kwenye mtandao wa URBACT wa ajira za vijana, karibu mkutanoni, chai itakuwepo. Mimi ni mtu wa asasi, nasaidia vijana wageni kutafuta kazi, na mikutano hiyo nimekaa ya kutosha tu bila posho, kwa hiyo hii riviu ni ya mtu asiye na cha kupoteza. Mji wetu siutaji wala mtu wa humo simtaji, sio lengo.

Kwa wasioijua, URBACT ni programu ya Umoja wa Ulaya, ipo tangu 2002, sekretarieti yake iko Paris, na pesa inatoka kwenye mfuko wa Ulaya wa maendeleo ya mikoa. Inavyofanya kazi ni kwamba miji kama minane hadi kumi hivi kutoka nchi tofauti inachagua tatizo moja, mji mmoja unaongoza, halafu kwa miaka miwili na kidogo wanatembeleana, wanaonyeshana wanachofanya, na kila mji kwake unaunda kundi la wadau ambalo mwisho wa siku linatakiwa litoke na mpango kazi. Basi. Sio ofisi ya ajira, hawakutafutii kazi, na hilo lieleweke mapema maana vijana wengi wanakuja na sivii mkononi wakidhani kuna mtu wa kumkabidhi.

Kwenye ajira za vijana hawajaanza jana. Rotterdam iliongoza mtandao ulioitwa My Generation at Work, humo walikuwepo Torino, Thessaloniki, Glasgow na wengine, na Cesena ya Italia ikaongoza mwingine unaitwa Job Town, yote miwili ilikuwa kwenye ile miaka ya 2012 hadi 2015 ambapo hali ilikuwa mbaya kwelikweli. Mwaka 2013 Ugiriki na Hispania zaidi ya nusu ya vijana wa chini ya miaka 25 waliokuwa kwenye soko la kazi hawakuwa na kazi. (Ukisikia mtu anasema nusu ya vijana wote mkatalie, wanafunzi wasiotafuta kazi hawahesabiwi humo, ila hata hivyo ilikuwa balaa.) Kwa hiyo wazo la miji kukaa pamoja lilikuja kwa sababu ya maana, sio watu wamekosa cha kufanya.

Sasa nianze na kizuri, na kizuri chenyewe ni kimoja kikubwa, hilo kundi la wadau la mjini. Mnalazimishwa kukaa. Yaani mtu wa ofisi ya ajira, mwalimu wa chuo cha ufundi, mtu wa ustawi wa jamii, mwenye karakana, asasi kama sisi, na vijana wenyewe, chumba kimoja, na mnaongea lugha ya hapo mjini. Unaweza kudhani hawa watu wanajuana lakini wapi! Kwetu kuna wawili wapo jengo moja, ghorofa mbili tofauti, walipeana namba za simu siku hiyo mbele yangu.

Kuna zoezi moja la kwenye zana zao za mafunzo, wanabandika karatasi kubwa ukutani, imechorwa mistari miwili, mmoja ni nani ana nguvu ya kuamua na mwingine ni nani jambo linamgusa, halafu kila mtu anaandika majina ya ofisi na makundi kwenye vile vikaratasi vya njano na kuvibandika panapostahili. Nikajua ni mambo ya semina tu yale ya kuchangamsha watu baada ya chakula. Vikaratasi vikaanza kujaa juu, ofisi ya ajira juu, chama cha waajiri juu, chuo juu, na chini kabisa upande wa wanaoguswa sana wasio na nguvu yoyote pakabaki vikaratasi viwili, kimoja kimeandikwa vijana na kingine wageni. Mama wa ofisi ya ajira akavitazama akasema sasa hawa ndo tunaowahudumia, mbona tumewabandika huku chini. Hakuna aliyemjibu, ila kuanzia hapo kikao kikabadilika, watu wakaacha kusoma ripoti zao wakaanza kuulizana maswali.

Na hapo ndo alipoingia dogo mmoja nilikwenda naye, Mkongo wa kule mashariki, fundi wa kuchomelea, kajifunza kwenye gereji ya mjomba wake tangu ana miaka kumi na kitu na cheti hana. Akafungua faili lake akatoa fomu tatu za ofisi tatu tofauti, zote zinauliza jina, anuani, umesoma wapi, unaongea lugha gani, halafu akaniuliza kwa Kiswahili, kaka, hivi hawa hawawezi kunakiliana? Nikamtafsiria. Kicheko, lakini kile cha aibu. Fomu ya pamoja ya ukurasa mmoja ilianzia hapo, na hicho ni kitu halisi nilichokiona kikitoka kwenye huu mtandao, sio picha ya watu wanapeana mikono. Mwenye karakana ya vyuma naye akasema cheti baadaye, mleteni nimuone anavyochomelea, akamuona, akamkubali.

Hapo ndo unakutana na ukuta wa kwanza. Karakana imemkubali, mji umemkubali, ila kibali cha kufanya kazi kwa muomba hifadhi kama yeye hakitolewi na mji, ni serikali kuu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2013 ilizitaka nchi wanachama zimpe muomba hifadhi nafasi ya kufanya kazi kabla haijapita miezi 9 tangu aombe, kama uamuzi wa kwanza haujatoka na kuchelewa sio kosa lake, na sheria mpya ya 2024 imeishusha ikawa 6. Kwa mtu wa miaka 19 miezi yote hiyo ni mingi mno. Miji mnaweza kutembeleana mpaka mchoke, mkarudi na mawazo mazuri kutoka huku na kule, lakini kwenye hili meya hana saini. Ujerumani angalau kuanzia 2016 waliweka utaratibu wanauita tatu jumlisha mbili, aliyenyimwa hifadhi akiwa kwenye mafunzo ya ufundi anaachwa amalize ile miaka mitatu na akipata kazi anaongezewa miwili, na mwajiri anakuwa na uhakika kwamba mwanafunzi wake hatapandishwa ndege katikati ya mafunzo. Ila hiyo ni sheria ya nchi, ukiipenda kwenye ziara huwezi kuibeba ukaenda nayo kwenu. Waandaaji wa URBACT wangelisema hili siku ya kwanza kabla watu hawajaanza kuota.

Ukuta wa pili ni pesa, na hapa ndo nyota yangu nzima imekwenda. URBACT inalipia kujifunza, safari, wataalamu, mikutano, na mji wenyewe unachangia sehemu, lakini ule mpango kazi mkishauandika pesa ya kuutekeleza mkaitafute wenyewe huko kwingine. Wanakuchorea ramani ya nyumba, tofali utajijua. Kwenye awamu ya sasa, ya 2021 hadi 2027, wameruhusu miji ijaribu vitu vidogovidogo wakati mpango bado unaandikwa, na kwa kweli hiyo ni hatua, mnaweza mkafungua dawati la majaribio au kuandaa siku ya waajiri mkaona kama inashika. Ila kumlipa mtu mmoja wa kukaa na vijana kila siku mwaka mzima, hilo halimo. Na kazi hii bila mtu anayekaa hapo kila siku haiendi popote, nakwambia.

Halafu lugha. Kwenye kundi la mjini mko sawa, lakini mikutano ya mtandao mzima, ile ya miji yote, ni Kiingereza mwanzo mwisho. Matokeo yake wanaosafiri ni walewale maafisa wanaokijua, na kijana ambaye tatizo ni lake anabaki nyumbani akisubiri kuhadithiwa. Niliuliza kwa nini tusimpeleke dogo na mkalimani, nikaambiwa bajeti. Sawa, bajeti. Afisa aliyekwenda akarudi na mfuko wa kitambaa wenye nembo, mzuri, naubebea mboga mpaka leo.

Ziara zenyewe sizidharau lakini, maana kuna vitu ukivisoma tu huvielewi. Mfano kila mtu kwenye fani hii anautaja Hamburg, ambao mfumo wake haukuzaliwa na URBACT lakini ndio kipimo. Tangu 2012 wana kitu kinaitwa Jugendberufsagentur, ofisi za vijana wa chini ya miaka 25, moja kwenye kila wilaya kati ya wilaya saba za mji, na ndani wamekaa pamoja watu wa ajira, wa mafao, wa wilaya na wa idara ya shule. Kijana akimaliza shule bila kujulikana anakwenda wapi, jina lake halipotei, wanamtafuta, barua, simu, hata kumfuata nyumbani. Sasa ukikaa na wanaofanya hiyo kazi unagundua ugumu haukuwa jengo, ugumu ulikuwa shule na ofisi ya ajira kukubaliana nani aone taarifa za mtoto na kwa ruhusa ya nani. Hicho kipande ndo wengi wanakiruka wakirudi kwao, wanafungua ofisi nzuri ina makochi ya rangi rangi na ndani kila idara bado ina kompyuta yake isiyoongea na ya mwenzake.

Ufini nao wana Ohjaamo, ni kwa wa chini ya miaka 30, unaingia bila miadi, huulizwi kwanza wewe ni kesi ya ofisi gani. Mimi kwa vijana wageni ningechagua huu kuliko wa Hamburg, kwa sababu mtu aliyefika juzi hana shule ya hapo iliyomuandikisha, hakuna orodha atakayopotea humo, anachohitaji ni mlango tu ulio wazi na mtu asiyemwambia njoo kesho.

Hapa nigusie na ile Dhamana ya Vijana, maana watu wanaichanganya na URBACT. Hiyo nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana Aprili 2013, kwamba kijana wa chini ya miaka 25 ndani ya miezi minne tangu akose kazi au aache shule apewe ofa nzuri, iwe kazi, kurudi masomoni, uanagenzi au mafunzo kazini, na Oktoba 2020 wakapandisha umri kuwa chini ya 30. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana. Kasoro yake kwa vijana ninaowaona mimi ni kwamba saa ya hiyo miezi minne inaanza kuhesabu ukijiandikisha, na wengi hawajiandikishi kwa sababu hawajui, au wanaogopa ofisi yoyote yenye bendera mlangoni. Kuwafikia hao ni kazi ya mji, hakuna waziri atakayeshuka kuzunguka viwanja vya mpira jioni. Kwa hiyo ile meza ya wadau inayoundwa na URBACT, kama imekaa vizuri, ndo inayoweza kuifanya hiyo dhamana isiwe maneno ya Brussels tu.

Tovuti yao naipa alama nzuri. Zana zote ziko wazi bure, ile karatasi ya mistari miwili, mti wa matatizo, namna ya kuandika mpango, huhitaji kuwa mwanachama. Kuna pia mkusanyo wa mifano mizuri ya miji, 2017 walitunuku 97 na 2024 wakatunuku 116, na kuanzia 2018 wakawa na mitandao maalumu ya kuhamisha mfano mmoja kutoka mji uliouanzisha kwenda mingine. Shida yangu na huo mkusanyo ni kwamba kila kitu humo kimefanikiwa. Sijaona mahali mji umeandika tulijaribu hiki kikafa na kilikufa kwa sababu hii, na mtu wa kazi anahitaji hicho zaidi kuliko tuzo.

Nani ajiunge? Mji wa kati au mdogo ambao idara zake hazijawahi kukaa meza moja, jiungeni, hata kwa ile nidhamu tu ya kulazimishwa. Mji mkubwa wenye ofisi ya vijana inayofanya kazi na pesa yake, sioni mtapata nini zaidi ya safari. Asasi ndogo mkialikwa nendeni, ila kabla ya kukubali muulize mpango ukiisha nani analipa na jina la idara liandikwe, sio tutaangalia. Mkijibiwa tutaangalia, chukueni zana zao kwenye tovuti mfanye wenyewe na wale watano wanaokuja kila mkutano.

Na wewe kijana unayesoma hii ukitafuta kazi, URBACT sio yako moja kwa moja. Tafuta kama mji ulipo una dawati la kuingia bila miadi, jiandikishe ofisi ya ajira hata kama foleni inakera, dai risiti yenye tarehe ya siku uliyojiandikisha, na wakikwambia urudi mwezi ujao watolee hiyo tarehe.