Buc-ee's: sheli iliyokuzwa na choo kisafi

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo sina simu mkononi wala gari jipya. Nachambua sheli. Kituo cha mafuta cha Texas, Marekani, kinaitwa Buc-ee's, na naomba tuanzie chooni, kwa sababu biashara yote hii imesimama hapo.

Ukiingia, kila choo ni kama chumba chake chenyewe, mlango unafika hadi chini. Juu ya mlango kuna taa ndogo: ya kijani, ingia, nyekundu, kuna mtu. Hugongi, huiti, huinami kutafuta miguu ya mtu. Na mhudumu wa usafi yumo humo humo, anatoka choo kimoja anaingia kingine, usiku na mchana, maana hapa hapafungwi. Mwaka 2012 tawi la New Braunfels lilishinda shindano la kampuni ya Cintas la choo bora cha umma Marekani. Aliyewahi kusafiri na mtoto mdogo anaelewa uzito wa jambo hili. Kuna sheli moja njiani nilipewa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha ubao, nikafungua mlango, nikaufunga papo hapo, nikarudisha ufunguo. Sikununua hata maji.

Hapo ndipo penye hesabu. Sheli za Marekani hupata mauzo makubwa kwenye mafuta, lakini faida yake ni nyembamba sana. Faida nono iko ndani ya duka, kwenye chakula na vinywaji. Kwa hiyo kazi ni kumtoa mteja kwenye gari. Wengi humvuta kwa bei ya mafuta. Buc-ee's huongeza kitu ambacho mwili wenyewe unakidai, na mabango yao barabarani yanakuhesabia maili zilizobaki kukifikia.

Walianza mwaka 1982, Arch Aplin na Don Wasek, na duka la kawaida tu eneo la Lake Jackson, kusini mwa Houston. Aplin tangu utotoni aliitwa Beaver, na ndiyo maana nembo yao ni mnyama huyo, yule wa mtoni mwenye meno makubwa ya mbele, kavaa kofia nyekundu. Kwa miaka mingi walibaki na maduka madogo ya Texas. Mwaka 2001 wakajenga kituo kikubwa cha wasafiri pale Luling, kwenye barabara kuu ya kati ya Houston na San Antonio, na kuanzia hapo mwelekeo ukabadilika.

Sasa sikilizeni vizuri. Tukisema mtandao wa maduka umekua, tunahesabu matawi. Wawa, mtandao mwingine wa maduka na sheli ulioanzia Pennsylvania, una matawi zaidi ya 1,000. Buc-ee's, baada ya miaka zaidi ya 40, ina kama 50 hivi! Wao wamekua kwa ukubwa wa duka. Luling hiyo hiyo, mwaka 2024, walifungua duka jipya la futi za mraba zaidi ya 75,000, karibu sawa na uwanja mzima wa mpira wa miguu, na pampu 120 nje. Kwenye tawi la mji wa Katy, huko huko Texas, wana mashine ya kuoshea magari yenye urefu wa futi 255. Na nje ya Texas hawakutoka mpaka 2019, walipofungua Alabama. Baadaye Georgia, Florida, Kentucky, Tennessee, hadi Colorado na Virginia. Miaka 37 nyumbani kwanza. Mimi subira hiyo naiheshimu sana.

Katikati ya duka kuna meza ya nyama. Kidari cha ng'ombe kilichoiva kwa moshi kinatua ubaoni, wahudumu wanapaza sauti pamoja kutangaza kwamba kipya kimefika, kisu kinaanza kugonga, mafuta yanang'aa kwenye ubao, mkate unajazwa na kufungwa kwenye karatasi ukiwa bado wa moto. Hapo hata aliyeshuka kwa ajili ya choo tu anasimama. Na mlangoni wamebandika mishahara ya kila cheo, wazi, kila mtu aisome. Hili nalipenda kuliko nyama.

Kasoro zipo, tena kubwa. Malori makubwa ya trela hayaruhusiwi kabisa. Dereva wa lori, mtu ambaye barabara hiyo ni ofisi yake, ndiye anayehitaji choo kisafi kuliko sisi sote, naye anapitishwa hivi hivi. Najua sababu, nafasi na mzunguko wa magari, lakini bado inaniuma. Tena kituo cha ukubwa huu kinaleta msongamano, taa za usiku kucha na matumizi makubwa ya maji. Palmer Lake, mji mdogo wa Colorado, wakazi waliupinga mradi wao kwa hoja hizo hizo, na mimi nawaelewa.

Kwa msafiri wa gari dogo, nawapa alama tisa kwa kumi; kwa mwenye trela siwezi kutoa alama, hana pa kuingilia. Ukipita Luling, chooni kwanza, kisha meza ya nyama, uombe ya kukatwakatwa. Viti ndani hakuna, kwa hiyo chukua tishu za kutosha, utakula garini.