Brauza ya kompyuta ya steshenari: mimi nimebaki na Firefox

Wakuu habari za mida hii. Wenye steshenari, ofisi ndogo za utalii na yeyote mwenye kompyuta ya mezani ya mtumba yenye ramu ya GB 4, hii inawahusu. Naona kila mtu hapa Arusha akinunua mashine anaweka brauza ile ile aliyoizoea kwenye simu, baada ya muda analalamika mashine nzito, bando linakata, matangazo yanamrukia usoni mbele ya mteja. Mimi niko Ngarenaro, kazi yangu ni kuprinti na kujazia watu fomu, mkopo wa HESLB, Ajira Portal, vyeti vya RITA, mambo ya TRA, yaani siku nzima nipo kwenye brauza, na karibu zote hizi zinazosifiwa nimezipitia.

Kwanza mjue nyingi zinazoitwa mbadala ndani ni kitu kimoja. Brave, Opera, Vivaldi, hata Edge ya Microsoft tangu 2020, zote zimejengwa juu ya Chromium, ule msingi wa Google ambao hata Chrome imejengwa juu yake. Sio vibaya, tovuti zinafunguka freshi tu, ila usitegemee mashine itageuka mpya kwa kuhama toka moja kwenda nyingine humo humo. Firefox ya Mozilla inatumia injini yake yenyewe (ile sehemu inayochora kurasa), Gecko, na hiyo ndo imeifanya ibaki na vitu ambavyo wenzake wanapoteza. Mfano uBlock Origin, ile nyongeza (extension) ya kuzuia matangazo iliyotengenezwa na Raymond Hill, Chrome imeikata 2025 baada ya kubadili utaratibu wa nyongeza, imebaki ile nyepesi inayoitwa Lite. Kwenye Firefox ile kamili ipo mpaka leo inapiga kazi.

Na kwa sisi wa bando hii sio anasa. Ukiingia kwenye mipangilio ya uBlock Origin kuna sehemu ya kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani, unaweka mwenyewe idadi ya KB, ukurasa unakuja maandishi tupu, picha unayoitaka unaibonyeza ndo inashuka. Ongeza na ile ya Firefox ya kuzuia video kujicheza zenyewe, ipo kwenye mipangilio ya faragha, chagua izuie sauti na video zote. Kwa mtu anayefungua kurasa za magazeti kutafuta tangazo la kazi la mteja utaona bando linavyokaa.

Ila kilichonifanya nisihame ni kontena. Kuna nyongeza ya Mozilla wenyewe inaitwa Multi-Account Containers, inagawa brauza vyumba, kila chumba na kulogini kwake. Dada anajaza fomu ya mkopo namweka kontena ya kijani, mara anaingia mwongoza watalii anataka nifungue imeili yake niprinti vocha ya hoteli, huyo namweka ya njano, ule mstari wa rangi unaonekana juu ya ukurasa kabisa kwa hiyo huwezi kuchanganya akaunti za watu. Wakiondoka nafuta kontena na kulogini kwote kunaondoka nayo. Wengi mnatumia dirisha la siri (incognito) mkidhani inatosha, sasa sikilizeni, madirisha ya siri yakiwa mawili yamefunguliwa kwa pamoja yanashea kulogini, mpaka uyafunge yote, kwa hiyo mteja wa pili akifungua Gmail anaweza kukuta imeili ya wa kwanza ipo wazi! Jamani hizo ni barua za watu, namba za NIDA za watu, tuwe serious. Ila kontena haitenganishi historia wala paswedi zilizohifadhiwa, hiyo ya kuhifadhi paswedi izime kabisa, na folda ya Downloads ifagie kila jioni.

Kingine ambacho steshenari nyingi hazijui, Firefox inafungua PDF na kuandika juu yake moja kwa moja. Fomu ya shule ambayo haina sehemu za kujaza, unabonyeza alama ya maandishi, unaandika jina, unaprinti, biashara imeisha. Tangu 2022 ipo.

Hizo nyingine nazo zina watu wake. Brave ni nzuri kwa asiyetaka kuhangaika, inazuia matangazo toka unapoifungua, ila zima yale mambo ya zawadi na pochi ya kripto, mteja wa kuprinti CV hana kazi nayo. Opera mnaijua toka Opera Mini, ya kompyuta ina WhatsApp pembeni, na ndugu yake Opera GX unaweza kuiwekea kikomo cha ramu na cha intaneti. Vivaldi, ya yule Jon von Tetzchner aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Opera, hiyo nawashauri watu wa tours wenye GB 8 kwenda juu, unapanga kurasa mbili tatu ubavu kwa ubavu, bei za hoteli huku ratiba ya safari kule, raha sana, ila ina vitu vingi mno kwa mgeni.

Edge msiifute, ikae akiba, maana zipo tovuti chache zilizotengenezwa kwa kufikiria familia ya Chrome peke yake. Ukishusha Firefox chukua ile faili kamili ya kusakinisha (offline installer), uitie kwenye flashi, mashine nyingine uziwekee bila kula bando tena. Wenye Windows 7 chukueni Firefox 115 ESR (toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu), hiyo ndo ya mwisho kwa Windows hiyo, Chrome iliishia 109 mwaka 2023. Ila kazi za benki na TRA za wateja msizifanyie kwenye mashine hiyo, peleka hata kwa jirani mwenye Windows mpya.