Haddo House: Nyumba ya Mrithi Aliyechukia Vita

Anayekwenda kutembelea Haddo House, katika Aberdeenshire kaskazini mashariki mwa Uskoti, namshauri aanzie nje. Nyumba hiyo, iliyosanifiwa na William Adam katika miaka ya 1730 na ambayo leo iko chini ya National Trust for Scotland, shirika linalohifadhi majengo na maeneo ya kihistoria, ni nzuri, lakini miti na ziwa lililo mbele yake ndivyo vinavyomtambulisha vyema zaidi George Hamilton-Gordon, Earl (cheo cha ukabaila) wa nne wa Aberdeen, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza.

Alizaliwa mwaka 1784, akafiwa na baba akiwa na miaka saba na mama akiwa na kumi na mmoja. Kwa kuwa sheria ya Uskoti ilimruhusu kijana wa miaka 14 kujichagulia walezi, alimchagua William Pitt, aliyekuwa Waziri Mkuu, pamoja na Henry Dundas, waziri katika serikali hiyohiyo. Mwaka 1801 alirithi cheo na ardhi ya babu yake. Akaikuta ardhi imepuuzwa, akaipanda miti kwa mamilioni. Ukitembea chini ya miti hiyo unaelewa kwamba kwake urithi ulikuwa dhamana.

Ndani, vyumba vingi vilipambwa upya karibu mwaka 1880 na mjukuu wake John, aliyekuja kuwa Gavana Mkuu wa Kanada, pamoja na mkewe Ishbel, kwa hiyo anayemtafuta mzee mwenyewe itambidi awe na subira. Chumba alicholala Malkia Victoria mwaka 1857 kinavutia, ingawa mimi ningetenga muda mrefu zaidi kwa kanisa dogo la nyumba hiyo na kioo chake cha rangi kilichobuniwa na mchoraji Edward Burne-Jones.

Ziara hii inapata uzito kwa anayekuja akiwa amejua mkasa wa mwenye nyumba. Mwaka 1813 aliwaona majeruhi wa vita vya Leipzig, Ujerumani, dhidi ya Napoleon, na tangu hapo akachukia vita. Akiwa Waziri wa Mambo ya Nje alisimamia mikataba ya 1842 na 1846 iliyomaliza ugomvi wa mipaka kati ya Marekani na himaya ya Uingereza huko Amerika Kaskazini bila risasi kufyatuliwa, jambo ambalo kwa maoni yangu linastahili kukumbukwa kuliko yote aliyoyafanya. Hata hivyo, alipokuwa Waziri Mkuu, ni serikali yake iliyoiingiza Uingereza katika Vita vya Krimea dhidi ya Urusi, na mwaka 1855 akajiuzulu. Baadaye alikataa kujenga upya kanisa katika ardhi yake, akajitia katika hali ya Mfalme Daudi, aliyezuiwa kumjengea Mungu nyumba kwa sababu alikuwa amemwaga damu nyingi. Kazi hiyo akamwachia mwanawe.

Haddo iko kama kilomita 30 kutoka mji wa Aberdeen, na ndani huingiwa kwa kuongozwa, hivyo ni vyema kuhakikisha siku za ziara kabla ya kuondoka. Kwa mpenzi wa historia ya siasa, naipendekeza bila kusita.