TAHADHARI: Stika za kugusisha simu zinazouzwa madukani Dodoma hazipokei fedha

Naandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa wakati mmoja, na sijui ni ipi kati ya hizo inayonikosesha usingizi zaidi. Wiki iliyopita nimetoa shilingi 180,000 taslimu, kwa mkono wangu mwenyewe, kununua stika nne nilizoambiwa kwamba mteja akizigusisha simu yake anakuwa amelipa, na kila moja ni kubwa kidogo tu kuliko sarafu ya shilingi mia tano. Tangu mwezi wa Machi niliacha kukopesha. Kwa hiyo mtu akinitajia malipo ya papo hapo siku hizi, ninamsikiliza hadi mwisho.

Kijana aliyeniuzia alikuja Jumanne saa nne asubuhi, dukani kwangu Nkuhungu, akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi na kitambulisho shingoni ambacho, sasa ndipo ninapokumbuka, kilikuwa kimegeukia upande usio na maandishi. Akasema, "Mbukwenyi, mama yangu," akasubiri niitikie, na nilipomkaribisha kiti akakataa hadi nilipomkaribisha mara ya pili. Niambieni ninyi, kijana anayekusalimu kwa Kigogo mlangoni pako na kukuita mama yangu, utamwanzia wapi kumdhania wizi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba karibu kila alichonieleza kuhusu teknolojia yenyewe kilikuwa kweli tupu. Alisema inaitwa NFC, kwamba hutumia mawimbi ya redio ya megahezi 13.56, na kwamba hufanya kazi kwa umbali wa sentimita chache tu, ndiyo maana ni lazima simu ikaribie kabisa kana kwamba inabusu stika. Aliinua moja kwenye mwanga wa mlango akanionyesha waya mwembamba uliozungushwa kama mkeka wa duara, na katikati yake chipu ndogo kuliko punje ya mtama, akasema haina betri wala haihitaji kuchajiwa. Simu inapoikaribia hutoa uga wa sumaku, ule waya ukaunasa na kuugeuza kuwa umeme kidogo, chipu ikaamka, ikatamka ilichoandikiwa, kisha ikazimika tena simu inapoondoka. Akanitajia kadi zinazogusishwa kwenye kivuko cha Kigamboni na Uwanja wa Benjamin Mkapa, funguo za kadi za vyumba vya hoteli, na pasipoti mpya za kielektroniki ambazo nchi yetu ilianza kuzitoa mwaka 2018. Binti yangu amenithibitishia kwamba yote hayo ni sahihi. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, kwamba stika ile inapokea fedha.

Jaribio lenyewe nimelirudia kichwani mara nyingi mno. Alichukua daftari langu la madeni, akaliweka juu ya meza ya mbao, akaweka stika juu ya daftari, akafungua kioo cha simu yake na kuisogeza taratibu. Simu ikatetemeka. Ukajitokeza ukurasa wenye jina la duka langu kwa herufi kubwa, alama ya vema ya kijani, na maneno "Malipo yamekamilika". Kabla sijasema neno, simu yangu ikalia: nimepokea shilingi 2,000 kwenye lipa namba yangu. Sikuridhika na ujumbe peke yake. Nilitazama salio na fedha zilikuwepo. Nikamwambia arudie, akarudia, zikaingia nyingine 2,000. Mimi si mtoto, lakini mtu aliyeshika shilingi 4,000 za kweli zilizotoka hewani atabisha kwa hoja gani?

Leo najua kwamba mwenzake alikuwa ameketi mahali fulani akizituma kwa mkono. Lipa namba yangu imebandikwa ukutani ili kila mtu aisome, na jina la duka liko kwenye kibao cha nje. Kijana alikuwa na kisikizi sikioni muda wote, nami nikadhani ni ujana tu.

Shemeji yenu aliuliza swali moja la maana, nami, Mungu anisamehe, nikamnyamazisha mbele ya mgeni. Aliuliza, "Mbona mteja haingizi namba ya siri?" Kijana akatabasamu na kusema, "Baba, huo ndio upya wenyewe."

Alipoondoka nilibandika stika moja kwenye mlango wa friza, na simu ya binti yangu haikusoma chochote. Nikampigia yule kijana. Alipokea, kwa mara ya mwisho, akasema mtandao uko chini. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba stika haihitaji mtandao wowote ili isomwe, na kwamba bati la friza ndilo linaloudhoofisha ule uga wa sumaku hadi chipu isipate nguvu ya kuamka. Nikaihamishia kwenye kaunta ya mbao, ikasomeka vizuri, na hapo ndipo hasara ya pili ilipoanza. Mteja mmoja alichukua ndoo ya mafuta ya kula ya lita kumi, akagusisha, akanionyesha alama ya kijani, nami nikamshukuru. Mwingine alichukua mchele na sukari kwa namna hiyo hiyo. Sikutazama ujumbe wangu kwa sababu ilikuwa jioni, duka limejaa, na alama ya kijani ilikuwa mbele ya macho yangu.

Aliyenifumbua macho ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyerudi kesho yake akiwa amesimama kwa haya mlangoni. "Mama, salio langu halijapungua. Nadhani jana sikulipa." Akanilipa shilingi 7,500 kwa lipa namba, nami nikabaki nimeshika kaunta kwa mikono miwili.

Mpwa wangu alizisoma zote nne kwa programu ya bure ya simu. Kila moja ina nafasi ya baiti 144, yaani maneno machache tu, na ndani yake mna anwani ya ukurasa mmoja wa tovuti wenye ile picha ya kijani na jina la duka langu. Hamna kingine. Kadi ya benki inayogusishwa ina chipu inayokokotoa msimbo mpya kwa kila malipo, na mashine ya muuzaji huupeleka benki ukahakikiwe. Hata anayelipa kwa kugusisha simu, simu yake hujifanya kadi mbele ya mashine hiyo. Stika yangu haikokotoi kitu na nyuma yake hamna mashine wala benki. Stika ya kweli ya aina hii ingeweza kumfungulia mteja ukurasa wa kulipia, lakini angelazimika kuidhinisha mwenyewe, na muuzaji angesubiri ujumbe wake. Tena mjaa laana yule alizifunga kwa kufuli la kudumu lililomo ndani ya chipu, hivyo siwezi hata kuzifuta niziandikie nywila ya intaneti ya nyumbani. Stika tupu kama hizi, zikiagizwa kwa wingi, moja haifiki bei ya soda mbili. Mimi nimeinunua kwa 45,000.

Nataka akamatwe. Namba yake nimeituma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, polisi nimefika, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautaja udanganyifu wa namna hii, basi itumike juu yake yote bila kupunguzwa hata nukta. Nataka aletwe hapa Nkuhungu achotee wateja wangu mchele kwa mikono yake hadi deni liishe. Sitaki kusikia kwamba ni kijana anatafuta maisha, kwa maana hata mimi natafuta maisha, na ninayatafuta kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

Wenye maduka wa Majengo, Sabasaba, Kikuyu na Ng'ong'ona, akija kwenu igusisheni stika kwa simu zenu wenyewe yeye akiwa ametoka nje na kisikizi amekivua, kisha mtazame salio. Msitoe bidhaa kwa kutazama kioo cha mteja.

Na wewe uliyechukua ndoo ya mafuta Alhamisi jioni, ukiyasoma haya, rudi tu dukani. Sitakuita mwizi, kwa sababu najua kwamba simu yako ilikwambia umelipa kama ilivyoniambia mimi.