Kulinda biashara yako mtandaoni: nini ununue kwanza, nini uachane nacho

Mimi nauza yunifomu na viatu vya shule hapa Kisumu, karibu na soko la Jubilee, na Januari ndio shamba langu, mwezi mmoja ambao unalipa kodi ya duka karibu mpaka Mei. Sasa mwaka jana, wiki ile ya kwanza ya kufungua shule, ukurasa wangu wa Facebook ukaibwa. Ilikuja meseji saa nne usiku, picha ya profaili ni nembo ya Meta, kampuni yenye Facebook, imeandikwa kwa Kiingereza ati nimetumia picha ya mtu mwingine bila ruhusa na ukurasa utafungwa ndani ya masaa 24 nisipobonyeza linki nikate rufaa. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, miguu imevimba, nikabonyeza, nikaandika paswadi, ikaniuliza zile namba zilizotumwa kwa simu, nikaandika pia. Kulipokucha nilikuwa nimetolewa kwa ukurasa wangu mwenyewe.

Huyo mtu hakubadilisha jina wala picha. Aliweka tu ofa, seti nzima ya yunifomu 3,200, na akaongeza kwamba tili, ile namba ya duka ya kupokea malipo ya M-PESA, ina shida leo kwa hivyo tumeni kwa hii namba. Alhamisi mama mmoja akaingia dukani, ametoka Bondo na matatu ya kwanza, ameshika mtoto mkono huu na simu mkono ule, akanionyesha meseji ya M-PESA vile mtu anaonyesha risiti. Jina kwenye hiyo meseji silijui mpaka leo. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Dada, mimi niliona ni wewe." Nilimpatia mashati mawili na sweta, sketi tukakubaliana atalipa pole pole. Wengine hawakuja dukani, walienda moja kwa moja kwa magrupu ya wazazi kuandika mimi ni mwizi, na hiyo iliniumiza kuliko kupotea kwa ukurasa.

Tangu hapo nimenunua vitu, nimejaribu vitu, vingine vimenisaidia na vingine vimekula pesa yangu. Napanga hapa kuanzia cha kwanza kununua mpaka cha kuacha kabisa, na ninapima kwa maswali mawili tu, je kinafunga mlango ambao wezi wanapitia kweli kwa biashara ndogo kama zetu, na je utakitumia siku duka limejaa watu na huna hata dakika ya kunywa chai.

Namba 1: laini yako na akaunti zako. Bei: bure.

Najua mtu akisoma mwongozo wa kununua anataka aambiwe bidhaa. Lakini hapa ndio wezi wengi wanaingilia na hakuna programu ya kulipia itakusaidia kama huu mlango uko wazi. Jioni moja inatosha, kaa chini umalize yote.

Anza na laini. Rafiki yangu Nakuru anauza spea, siku moja saa nane mchana simu yake ikakosa netiweki, akadhani ni mtambo, akaendelea kuhudumia kastoma. Kumbe matapeli wamehamisha laini yake kwa kadi nyingine, na kwa hiyo laini wakaanza kuomba paswadi mpya za kila kitu. Kama uko Safaricom, piga *100*100# ufunge laini yako isibadilishwe kadi na wakala yeyote, mpaka wewe mwenyewe uende kwa duka lao. Kisha weka PIN kwa kadi yenyewe, ile simu inauliza ikiwashwa, ndio hata simu ikiibwa Kondele usiku mwizi asitoe laini aiweke kwa simu yake. Mtu akikosea mara tatu itadai PUK, ile namba ndefu ya kufungulia kadi, kwa hivyo PUK iandike uiweke nyumbani. Na ukiona netiweki imepotea wakati wenzako hapo karibu wanayo, usingoje jioni.

WhatsApp ya biashara, ingia kwa mipangilio uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN ya namba 6. Hiyo PIN ni tofauti na zile namba 6 zinazokuja kwa SMS. Zile za SMS usimpe mtu, hata kama ni kasisi wa grupu la kanisa anasema amezituma kwako kwa makosa, kwa sababu uwezekano mkubwa ni kwamba kasisi naye ameshaibiwa akaunti. Facebook na barua pepe nazo uwashe hatua mbili, lakini tumia programu ya kutoa namba za kuingilia kama Google Authenticator badala ya SMS, haitegemei laini. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa na hatua mbili za SMS na niliziandika mwenyewe kwa ukurasa wa mwizi, kwa hivyo hii si dawa ya kila kitu, ni kitasa tu, ufunguo bado unaweza kumpa mwizi kwa mkono wako.

Halafu ongeza admini wa pili kwa ukurasa, mtu unayemwamini kabisa, mimi nimemweka dada yangu aliye Kakamega. Kama ningekuwa naye ule usiku pengine angeona mapema. Paswadi zote weka kwa Bitwarden, programu ya kutunza paswadi, toleo la bure linatosha, uache kutumia jina la mtoto na mwaka aliozaliwa kila mahali.

Namba 2: kabambe ya tili. Bei: elfu mbili hivi.

Huu ndio ununuzi bora nimewahi kufanya kwa duka, na nashangaa watu hawaizungumzii. Nunua simu ndogo ya kubonyeza, ile ya betri ya kukaa siku nne, iwe ni ya kupokea meseji za tili peke yake. Haina WhatsApp, haina linki, haitoki kwa kaunta. Mimi yangu nimeifunga na kamba kwa mguu wa meza.

Sababu ni hizi meseji feki za M-PESA. Kijana anaingia saa kumi na moja jioni watu wamejaa, anachukua viatu jozi mbili, anakuonyesha simu yake imeandikwa amelipa, ama anakutumia meseji iliyopangwa vizuri kabisa mpaka salio limewekwa. Ukiangalia kwa haraka inafanana. Lakini meseji ya kweli inatoka kwa MPESA, haitoki kwa namba ya 07 ama 01, na inakuja kwa simu YAKO. Kwa hivyo sheria ya duka langu ni moja, msichana wangu wa dukani haangalii simu ya kastoma, anaangalia kabambe. Kabambe haijalia, mzigo hauondoki, hata kama ni jirani, hata kama ni mwalimu mkuu. Kastoma wa kweli anangoja dakika moja bila shida. Ukitaka uhakika zaidi kuna programu ya M-PESA for Business, ni bure, inaonyesha malipo yote ya tili moja kwa moja, lakini hiyo inataka smartphone na bando na kwa msimu mimi naona kabambe ina kasi.

Ukipata meseji ya utapeli itume kwa 333 ya Safaricom, haina malipo. Na mtu akipiga akisema ni Safaricom, wao wenyewe wametangaza mara nyingi kwamba wanapigia wateja kutoka 0722 000 000. Hata hivyo, akiuliza PIN yako kata simu, namba iwe ni gani.

Namba 3: jina lako lenyewe. Bei: bure, kisha elfu moja na kidogo kwa mwaka.

Hapa nazungumzia sifa. Mama wa Bondo alidanganywa kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuhakikisha kama ile ofa ni yangu, kila kitu changu kilikuwa ndani ya Facebook. Sasa nimejiandikisha kwa Google Business Profile, bure, ukitafuta jina la duka kwa Google unaona ramani, saa za kufungua, namba ya simu, na maoni ya wateja. Nikapata pia jina la tovuti la .co.ke, ambalo linasimamiwa na KENIC lakini unanunua kwa wauzaji wao, la kwangu lilinigharimu elfu moja na mia kidogo kwa mwaka. Ukurasa ni mmoja tu na umeandikwa kwa herufi kubwa: HATUPOKEI PESA KWA NAMBA YA SIMU, NI TILI PEKE YAKE, na jina ambalo utaliona ukilipa ni hili. Hiyo hiyo imebandikwa ukutani dukani na iko chini ya kila risiti. Siku nyingine wakiiba ukurasa, mzazi ana mahali pa kulinganisha.

Kuhusu maoni mabaya: Google wanaondoa maoni yanayovunja sheria zao, kama ya feki ama ya mshindani, unayaripoti bure. Hawaondoi maoni kwa sababu tu yamekuuma. Mimi nilijibu kila mzazi mmoja mmoja kwa lile grupu, nikaweka picha ya OB, ile ripoti iliyoandikwa kituo cha polisi, nikaeleza vile ilikuwa. Wawili waliomba msamaha wao wenyewe na mmoja sasa ni kastoma wangu mkubwa.

Biashara ikikua, sajili nembo yako KIPI, taasisi ya serikali ya kusajili nembo. Inadumu miaka 10 na unaweza kuongeza, na ukiwa nayo kuripoti ukurasa feki kwa Meta kunakuwa na uzito zaidi.

Namba 4: diski ya bakap. Mimi ya terabaiti 1 nilinunua 7,500 Oginga Odinga Street. Madeni ya wazazi, oda za shule, vipimo vya watoto, vyote nakopi kila Jumamosi jioni kisha naichomoa naenda nayo nyumbani. Kuichomoa ndio maana yenyewe, kwa sababu vile virusi vinavyofunga faili na kudai fidia vinafunga pia diski iliyochomekwa. Kama una daftari tu na hakuna kompyuta, ruka hii, piga picha za daftari uziweke kwa Google Drive.

Namba 5: ufunguo wa USB kama YubiKey. Ule wa bei ya chini ni kama dola 25 hadi 30 kabla ya usafiri. Unauchomeka ama kuugusisha kwa simu ndio uingie, na uzuri wake ni kwamba tovuti feki haiwezi kukuibia, kwa sababu ufunguo unaangalia tovuti ni ile ya kweli kabla haujajibu. Ningekuwa nao ule usiku, ile linki ingegonga mwamba. Nimeuweka chini kwa sababu unahitaji miwili, mmoja wa kutumia na mmoja wa akiba, na hiyo ni pesa ya mzigo kwa wengi wetu. Lakini kama ukurasa wako ndio unaleta zaidi ya nusu ya mauzo, upandishe uwe namba 3.

Namba 6: antivairasi ya kulipia. Si mbaya, ila sio ya kwanza. Windows ina Defender ndani yake tayari, bure, na kwa kompyuta ya duka inatosha ukiisasisha. Kama bado uko kwa Windows 10 ujue Microsoft waliacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo hiyo pesa ya antivairasi afadhali iende kwa kupandisha kompyuta. Na tafadhali usinunue ile iliyokrakiwa ya mia mbili kwa flashi, hiyo mara nyingi inakuja na virusi vyenyewe.

Wakili sijampa namba kwa sababu humnunui mapema, lakini ujue kesi ya kuchafuliwa jina inafaa ifunguliwe ndani ya miezi 12, baada ya hapo umechelewa. Mara nyingi barua moja inatosha. Kabla ya wakili fanya hivi siku hiyo hiyo: piga skrinshoti zikiwa na tarehe na linki, andikisha OB, mwambie ofisa ni kosa la mtandao, kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao ya 2018, na kama pesa imetumwa muda huo huo aliyetuma apeleke ile meseji ya M-PESA kwa 456 ya Safaricom kuomba irudishwe, kabla mwizi hajaitoa.

Cha mwisho, usinunue: watu wa "kurudisha akaunti" na "kusafisha jina".

Hapa nataka unisikie vizuri. Nilipoandika kwa grupu kwamba nimeibiwa ukurasa, ndani ya saa moja watu sita waliniandikia, kila mmoja anajua mtu ndani ya Facebook. Mmoja alikuwa na maneno matamu, akanionyesha picha za akaunti alizorudisha, akataka 5,000 za kuanza. Nikatuma. Akasema amefika nusu, kuna ada ya seva, 6,000. Nikatuma tena, ilikuwa pesa ya viatu vya Bata ambavyo shule ilikuwa imelipia. Akaomba 4,000 ya tatu, nikatuma usiku nikilia. Asubuhi namba haipatikani. Elfu kumi na tano. Aliyeniibia mara ya pili alinipata kwa sababu ya ile ya kwanza, wanatafuta watu wenye maumivu.

Njia ya kweli ni facebook.com/hacked, haina malipo, unatumia simu ile ile uliyozoea kuingilia. Mimi nilipofuata hiyo nilipata akaunti yangu baada ya siku kumi na moja, ukurasa haukurudi, nikaanza mwingine. Na yeyote anayekuahidi kufuta maoni ya Google kwa pesa, ama kukuletea maoni mia moja mazuri, anakuuzia kitu ambacho Google wakikigundua wanakifuta, na wazazi wetu huku si watoto, wanajua maoni ya kununua wakiyaona.

Jumla, ukihesabu kabambe, jina la .co.ke na diski, mimi nimetumia kama elfu kumi na moja, chini ya kile nilimpa yule wa "kurudisha". Funguo mbili za USB nimepanga kununua Aprili baada ya kulipwa na shule ya Maseno. Nikishazitumia mwezi mmoja nitaandika vile zinafanya kazi na simu zetu za kawaida, maana hapo ndio naona watu wengi watakwama.