Ukuta wa Kuparamia Niliomjengea Mtoto: Miezi Saba Baadaye

Haya, karibuni. Leo hakuna boksi la kufungua. Kitu chenyewe kiko hapa nyuma yangu, mnakiona, kina miezi saba, kimechorwa kwa kalamu za nta na huku pembeni vanishi imeshaliwa. Ni ukuta wa kuparamia. Niliujenga kwa mikono yangu kwa ajili ya mtoto ambaye siku naanza kazi alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na alikuwa ameshaanza kukwea rafu ya vitabu. Atakatazwa mara ngapi? Nikaona heri akwee kitu kilichofungwa ukutani kuliko kabati litakalomwangukia.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Huyu wetu alipanda, akafika juu, akaganda hukohuko analia. Nataka leo tukae sana kwenye hilo, kwa sababu kabla ya kujenga nilitazama video nyingi, na karibu zote mtoto anapanda, anapigiwa makofi, video inakatwa. Anavyoshuka huoneshwi.

Tuanze na ubao. Hii ni plaiwudi ya milimita 18, shiti moja nzima, sentimita 244 kwa 122. Wengi huisimamisha ifike juu karibu na dari. Mimi nimeilaza. Kishikio cha juu kabisa kiko sentimita 110 kutoka sakafuni, basi. Mtoto akitaka safari ndefu anakwenda kwa ubavu kama kaa, kutoka huku mpaka kule, na muda wote ananifikia mkononi. Ningeirudia kazi hii mara kumi, mara zote kumi ningeilaza.

Ukuta wa nyumba hapa ni wa matofali, kwa hiyo nilitoboa nikaweka bolti za kutanuka, zile zinazojipanua ndani ya tofali unapozikaza. Kama kwenu ni ukuta wa bodi ya jipsamu, tafadhali msifunge kwenye bodi yenyewe. Tafuteni nguzo za mbao zilizo nyuma yake. Mara nyingi zimeachana sentimita 40 au 60. Halafu katikati ya ukuta na plaiwudi nimepitisha mbao za unene wa sentimita 5. Usipoweka nafasi hiyo, ncha ya bolti ikitokeza nyuma inagonga ukuta na kishikio hakikazi. Ila nilisahau kuziba juu. Ule mwanya umemeza magari mawili na kijiko kabla sijaufunika.

Sasa nati. Hizi zina kola na meno yanayouma mbao kwa nyuma, ndipo bolti inapoingilia kwa mbele. Bolti zangu ni za milimita 10, shimo nilitoboa la 12. Nilizipachika kwa nyundo, kwa haraka zangu. Tatu ziliingia upande, na siku nakaza kishikio nati ikawa inazunguka pamoja na bolti: haikazi, haifunguki. Na nyuma hufiki tena! Ilibidi nishushe ubao mzima. Njia sahihi ni kupitisha bolti na washa kwa mbele, kisha kuivuta nati iingie polepole kwa spana. Mambo yote ya nyuma yaishe kabla ubao haujapanda ukutani.

Vishikio. Nilinunua pakiti ya 20, na hapa nina malalamiko. Ngoja nisogeze kamera... mnaona uso wake? Umekwaruza kama msasa. Kwa mkwezi mkubwa huo ndio uzuri wake, hautelezi. Kwa kiganja cha mtoto ni mateso. Wiki ya kwanza alishika mara mbili akaukimbia ukuta. Na nusu ya pakiti ni vile vidogo vya kubana kwa ncha za vidole. Nimevirudisha kwenye mfuko. Vilivyobaki ni vile vyenye mdomo mpana, mtoto anatumbukiza vidole vyote vinne kama ameshika sikio la kikombe.

Vipande anavyovipenda nimevichonga mwenyewe kutoka kwenye mabaki ya mbao ngumu, kingo nimezizungusha, nikapiga msasa mpaka shavu halikwaruzwi. Kila kipande kina skrubu mbili. Ukiweka moja, kitazunguka mtoto akiwa juu yake. Vile vya bolti moja pia huzunguka, ndiyo maana vingi vina tundu dogo pembeni la skrubu ya kukizuia. Litumieni, msilipuuze kama mimi.

Turudi kwenye kushuka. Nilichogundua ni kwamba akipanda anaona mikono yake na anaona anakokwenda. Akishuka haoni mguu. Anaupeleka chini, haugusi kitu, anaurudisha, analia. Nikaongeza safu nzima ya vipande virefu kama virafu vidogo, sentimita 20 kutoka kwenye godoro, kingine sentimita 20 juu yake, bila kuacha pengo. Mguu ukishuka popote unakutana na mbao. Siku hiyohiyo kilio kikapungua.

Jambo la pili niliacha kumbeba. Emmi Pikler, daktari wa watoto aliyeanzisha nyumba ya kulelea watoto Budapest mwaka 1946, alishikilia kwamba mtoto asiwekwe kwenye mkao ambao hajaufikia mwenyewe. Ile fremu ya pembetatu ya kupandia inabeba jina lake. Nilikuwa namwinua namweka katikati ya ukuta nipate picha nzuri, nakiri. Njia ya kuja hakuijua, ya kurudi angeijulia wapi? Siku hizi anaanzia sakafuni. Akikwama nagusa kisigino chake, nasema "mguu huu," anaushusha.

Chini nina godoro gumu la mazoezi. Godoro la kulalia nililijaribu likanishinda: mguu unazama, kifundo kinapinda, na kati yake na ukuta kulikuwa na nafasi iliyomeza mguu mzima. Kofia ngumu ya baiskeli mvueni. Inaweza kukwama penye upenyo na mkanda ukamkaba. Mikufu na kamba za kofia za sweta vilevile. Soksi pia, miguu iwe mitupu.

Kwa hiyo nauonaje? Ubao na namna ulivyofungwa, sina tatizo. Pakiti ya vishikio sirudii kununua, chongeni. Na kama huna nafasi ya kukaa karibu naye kila anapoukwea, au chumba hakina mlango wa kufunga, subiri kwanza. Mimi nikitoka humu mlango unafungwa.

Kila mwezi nakaza bolti zote. Mwezi huu sijafanya, na wakati naongea nimeegemea hiki hapa... kimecheza. Mnaona? Nipisheni nichukue spana kabla hajaamka.