Nimewapelekea mnyoo kwenye kopo wakapima taifodi

Jamani hii zahanati ya binafsi ya huku kwetu sitaitaja jina ila wamenikera, mpaka leo nikikumbuka naongea peke yangu. Mwanangu wa miaka minne alikuwa analalamika tumbo, chakula hataki, kikohozi hakiishi, sasa usiku mmoja hapa juzijuzi katapika, naangalia kwenye matapishi mnyoo mzima, mrefu karibu kama rula ya shule, na bado anajinyonganyonga! Nikamtia kwenye kopo la siagi, asubuhi huyoo zahanati, najua ushahidi ninao.

Daktari hata mfuniko hakugusa. "Mama toa hilo dudu mezani kwangu." Anaandika tu, malaria, taifodi, mkojo. Choo hakuandika! Namwambia dokta si mnyoo huu hapa, ananijibu "kwani daktari wewe au mimi?" mlango uko wazi watu wote kwenye foleni wanasikia. Nikalipa vyote, majibu eti taifodi ipo kidogo, achomwe sindano siku tano. Ipo kidogo ndo nini? Pale kila anayeingia anatoka nayo.

Bahati chumba cha sindano nikamkuta nesi mmoja mtu mzima. Akafungua kopo, akaguna, "mwanangu, si ndiye askarisi huyu, mnyoo mrefu wa tumboni, ushamuona kwa macho kipimo cha nini tena?" Akaenda kwa daktari, sijui walisemezana nini huko, sindano zikafutwa. Akauliza umri maana chini ya miaka miwili wanapewa nusu, akampa dawa ya minyoo, albendazole moja ya miligramu 400 atafune palepale, dozi imeisha. Kidonge kimoja, bei hata robo ya vile vipimo haifiki!

Na akanielekeza vizuri mno: wakitoka na choo nisishtuke, ila tumbo likivimba, anatapika mfululizo, choo hapati wala hajambi, nikimbilie hospitali kubwa maana wakiwa wengi wanajisokota wanaziba utumbo. Hata kikohozi akasema huenda ni wao, wakiwa wachanga wanapitia mapafuni kwanza.

Nilitaka nitoe nyota moja, nikamfikiria nesi nikasema basi tatu, nikaitoa risiti kwenye pochi nikaiangalia... moja. Hela ya taifodi hawajanirudishia mpaka leo. Kupima choo nitampeleka hapohapo, ila nitapiga simu kwanza niulize yule mama yuko zamu au hayuko.